1NZ, 2NZ, haibridi ama 2NR: injini ipi inafaa barabara zetu kuanzia Kisumu hadi Nakuru

Probox, Fielder, Axio, Ractis, Sienta, ist, Premio na Allion za 1500, zote hizi ukifungua boneti mara nyingi utakutana na ukoo mmoja, injini za NZ za Toyota, silinda 4, petroli, na ndio maana mtu akiniuliza anunue gari gani namuuliza kwanza anakaa wapi na anabeba nini. Anayekaa Milimani Kisumu na kazi yake ni kwenda ofisini na kurudi, jibu lake haliwezi kuwa sawa na la yule wa Luanda anayejaza magunia kila siku ya soko, hata kama wote wana pesa ileile mkononi. Watu wengi wanapotea hapo. Wanachagua kwa cc, wanasema ya 1300 itakunywa kidogo, wanasahau mlima.

Tuanze na hao ndugu wawili wa kawaida, 1NZ-FE na 2NZ-FE. 1NZ ni cc 1,497, 2NZ ni cc 1,298, na upana wa silinda ni uleule, milimita 75.0 kwa zote mbili. Kinachobadilika ni umbali ambao pistoni inapanda na kushuka: kwa 1NZ ni milimita 84.7, kwa 2NZ ni 73.5. Hiyo tofauti ndogo ndio kila kitu, kwa sababu kranki ya 1NZ ina mkono mrefu zaidi na inavuta vizuri hata injini ikiwa bado inazunguka polepole. Kwa karatasi 1NZ inatoa hosipawa karibu 109 na nguvu ya kuvuta karibu Nm 140, na 2NZ inatoa hosipawa 87 na Nm 120 hivi. Vitu vingine ni vilevile: valvu 16, VVT-i (ule mfumo wa kubadilisha wakati valvu zinafunguka), blok ya aluminiamu yenye silivu za chuma ndani, na cheni ya taiming badala ya belti, kwa hivyo hakuna ile hesabu ya kubadilisha taiming belti kila baada ya kilomita kadhaa.

Sasa peleka hizo namba barabarani. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na ukizunguka na Eldoret kwenda Nakuru utapita Timboroa ambako ni zaidi ya mita 2,700. Injini ambayo haina tabo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani, inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unayopanda, hewa inakuwa nyepesi na injini haipati ya kutosha kuchoma mafuta. Ukipiga hesabu, pale Timboroa 2NZ ya hosipawa 87 imebaki na kama 63, na 1NZ bado iko karibu na 80. Yaani 1NZ ikiwa juu ya mlima imeshuka ikawa kama 2NZ iliyo chini kabisa, na 2NZ nayo imekuwa ya kusukumwa.

Lakini hata usifike Timboroa. Toka tu Kisumu upande Riat kuelekea Kakamega, gari imejaa watu na kuna mzigo nyuma, otomatiki ya 2NZ itarudi gia ya pili na utasikia injini inalia kutoka chini mpaka juu, mguu umezama, na hapo hakuna mafuta unayookoa. 1NZ kwenye mlima huohuo inapanda bila kelele nyingi, na kwa manyuo, yaani gia za mkono, unaweza kukaa gia ya tatu. Nimeona watu wa Probox za Chavakali na Mbale wakilinganisha pesa ya mafuta jioni, na wa 1300 anayebeba sana hamshindi wa 1500 hata kidogo, mara nyingi ni yeye ametumia zaidi. Ila ukiwa mtu wa tambarare, Kisumu, Ahero, Awasi, ile barabara ya Kano iliyonyooka, na wewe ni mmoja ama wawili ndani ya gari, hapo 2NZ inakaa vizuri kabisa na inakuokolea kitu. Mimi sitamcheka mtu wa 2NZ anayeishi Ahero.

Na tusisahau kwamba Probox ya kwanza, ile ya 2002, Toyota yenyewe iliiandikia mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu 2, na kilo 250 ikiwa na watu 5. Hizo namba ziko kwa makaratasi ya Japani na sisi wote tunajua vile inabebeshwa huku. Kama unajua utazipita, na wengi wanazipita, basi tafadhali usiongezee injini ndogo juu ya hayo mateso.

Utajuaje ni ipi iko ndani kabla hata hujafungua boneti? Soma kibati cha chasi, herufi za kwanza zinakuambia. NCP51 ni Probox ya 1NZ, NCP50 ni ya 2NZ, NCP55 ni 1NZ ya magurudumu manne. NZE121, NZE141 na NZE161 ni Corolla na Fielder za 1NZ. NZT240 na NZT260 ni Premio na Allion za 1500. NHP ni haibridi. Wengi hukosea kwa Vitz, wanadhani kila Vitz ya 1300 ni 2NZ, na sivyo. Vitz za 2005 hadi 2010 za 1300 nyingi ni SCP90, ambayo ni injini ya 2SZ-FE, ukoo mwingine kabisa, spea zake haziingiliani na NZ. KSP ni ya 1000 na ina silinda 3. Halafu kuanzia mwisho wa 2010 Vitz ya 1300 ikawa NSP130 yenye 1NR-FE, na ya 1500 ikabaki NCP131 na 1NZ. Kwa hivyo ukienda dukani pale Kibuye kuuliza wota pampu ya "Vitz 1300", muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza namba ya chasi kwanza, usikasirike.

Sasa ubaya wa 1NZ, na huu lazima usemwe wazi. Zile za miaka ya mwanzo, gari za kuanzia 1999 mpaka 2004 ama 2005 hivi, zina tabia ya kula oili. Nyuma ya ringi ya oili kuna matundu madogo ya kurudisha oili chini, kaboni inaziba hayo matundu, ringi zinashika, oili inabaki ukutani mwa silinda na inachomwa na petroli. Gari haikuonyeshi taa yoyote, inakunywa tu pole pole mpaka siku moja cheni inaanza kupiga kelele kwa sababu sampu, lile karai la oili chini ya injini, imekauka. Hii injini inachukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, ni kidogo, kwa hivyo ikipoteza lita moja na nusu tayari uko pabaya. Baadaye Toyota ilibadilisha pistoni na shida ikapungua sana. Silivu nazo ni nyembamba, huwezi kuzichonga ovyo kama za injini za chuma za zamani, na ndio maana fundi mwingi atakuambia ununue injini ya mtumba badala ya kufanya ovaholi ya chini.

Kwa hivyo ukienda kuangalia gari, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwa boneti, kama kuna joto rudi kesho asubuhi. Ikiwa baridi kweli, vuta kijiti cha oili kwanza uone iko kiwango gani na rangi gani, kisha fungua mfuniko wa kuwekea oili na uugeuze. Chini ya mfuniko na kwenye camshafti unayoiona kupitia lile shimo, rangi ya kahawia kama asali ni sawa, ukoko mweusi unaobanduka na kucha maana yake oili haikuwa inabadilishwa na kila mfereji mdogo ndani una uchafu huo, pamoja na kichujio kidogo cha ile valvu ya VVT-i. Fungua radieta pia ikiwa bado baridi, maji ya rangi ya kutu yanakuambia huyu alikuwa anaongeza maji ya mfereji tu, na blok ya aluminiamu haipendi hayo. Halafu ndio uwashe. Cheni ikilia sekunde moja na kunyamaza si neno. Ikiendelea kurindima, hiyo tensheni inayokaza cheni ama cheni yenyewe imeisha. Ikishika sailensa vizuri, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, iendeshe mpaka mteremko wowote, achilia mafuta gari ikiwa kwa gia, kisha kanyaga ghafla ukiangalia kioo: moshi wa bluu ukitoka tu wakati huo unaokanyaga ni sili za valvu, ambazo si gharama kubwa. Ukitoka mfululizo ukiwa unapanda, ni ringi, na hapo bei ishuke ama uondoke.

Kitu kingine kinaniuma sana na kinaharibu injini nzuri bure: kutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwa radieta mpaka injini ipate joto. Kisumu ni joto, gari inachemsha mara moja, fundi anatoa thamostati anaitupa, anakuambia sasa imepona. Haijapona. Thamostati ya NZ inafunguka kwenye nyuzi kama 82, ukiitoa injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani gari ndio inawashwa asubuhi na inaongeza petroli, halafu mwenye gari analalamika kwamba 1NZ inakunywa mafuta. Kama ilichemsha, tafuta kwa nini, fani haizunguki, radieta imeziba, mfuniko umechoka, wota pampu inavuja. Pampu yenyewe iko nje inazungushwa na fanbelti, kubadilisha si kazi ya siku nzima. Ila ukiiacha ichemshe mara mbili tatu hedi inapinda, na hapo unapeleka ikaskimiwe, yaani isawazishwe kwa mashine, na gasketi mpya juu.

Sasa haibridi, yaani 1NZ-FXE. Hii ndio iko kwa Prius za kwanza tangu 1997, kwa Prius ya pili, kwa Aqua ya kwanza, Axio na Fielder haibridi, na hata Probox haibridi tangu mwisho wa 2018. Ukubwa ni uleule cc 1,497 lakini haina hosipawa 109, kwa Aqua ina 74 tu. Mgandamizo umepandishwa hadi 13 na zaidi kwa 1, na valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunga makusudi, hewa kidogo inarudi nyuma kabla ya kugandamizwa, kwa hivyo mlipuko unapata nafasi ndefu ya kusukuma kuliko ile ya kugandamiza. Inatumia mafuta kidogo, na upungufu wa nguvu unafidiwa na mota ya umeme, jumla Aqua inafika hosipawa 100.

Mjini hakuna kinachoigusa. Msongamano wa Kondele saa 12 jioni, injini imezima, gari inatambaa kwa betri. Aqua haina hata fanbelti, wota pampu ni ya umeme, kompresa ya AC ni ya umeme. Mlima mrefu ndio unaibana, sababu betri ikiisha katikati ya njia unabaki na hosipawa 74 za petroli zikivuta gari na kuchaji kwa wakati mmoja. Itafika, lakini ile raha imekwisha. Na kuna vumbi. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti. Ukiwa mtu wa murram, Siaya huko ndani ama Nandi wakati wa kiangazi, hilo tundu na feni yake vinajaa vumbi, betri inapata joto na maisha yake yanafupika. Safisha. Usifunike na begi wala nguo za mtoto. Mtu wa mjini anayesafiri mara mojamoja, huyu ningempa FXE bila kusita, lakini mtu wa mizigo na murram simpi.

Halafu kuna wadogo zao, ukoo wa NR, ambao ndio unaokuja sana sasa kwa sababu ya sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8. Fielder na Axio za otomatiki kuanzia 2015 ziligeuka kuwa NRE161 na injini ya 2NR-FKE: cc 1,496, silinda nyembamba ya milimita 72.5 na pistoni inayosafiri milimita 90.6, mgandamizo 13.5 kwa 1. Hosipawa bado ni 109, nguvu ya kuvuta Nm 136, kwa hivyo kwenye mlima hautaona tofauti kubwa na 1NZ, lakini kwenye petroli utaona. Ina ule ujanja wa valvu kuchelewa kama wa haibridi, na camshafti ya kuingiza hewa inasogezwa na mota ya umeme badala ya presha ya oili. Ndugu yake wa 1300, 1NR-FKE, ilipotoka 2014 Toyota ilisema asilimia 38 ya nguvu ya mafuta inageuka kuwa kazi, na kwa injini ya petroli ya kawaida hiyo ni kubwa sana.

Bei ya hiyo raha ni kwamba NR haisamehi uvivu. Inataka oili nyepesi, 0W-20, ile nzito unayowekea pikapu haifai, na ina mfumo wa kurudisha moshi wa eksozi ndani ya injini ukiwa umepozwa, ule EGR, ambao unajaa masizi ukiwa mtu wa safari fupifupi kila siku. Zile zenye kujizima zenyewe kwenye foleni zinataka betri yake maalum, ukiweka ya kawaida itakufa haraka. Kama una fundi anayeelewa na unabadilisha oili kwa wakati, na safari zako ni Kisumu na Nakuru kupitia Kericho na Mau Summit mara kwa mara, 2NR ndio ningechukua leo kwa gari ya familia. Kama gari itapewa dereva, na hujui ni nani atakayeiwekea oili na ni oili gani, kaa na 1NZ, inavumilia.

Na ukitaka 1NZ kwa gari mpya mpya bado inapatikana. Fielder ya manyuo iliendelea kuwa NZE161 hata baada ya 2015, na Probox NCP160 iliyoanza 2014 ni 1NZ. Shida ni moja, Probox hiyo mpya ilikuja na CVT tu, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, manyuo haipo tena. CVT kwa abiria 5 iko sawa. CVT kwa magunia ya mahindi kupanda Nandi Hills kila siku inapata joto kali, na oili yake lazima iwe ya CVT ya Toyota na ibadilishwe kweli, hata kama mtu amekuambia hiyo ni ya maisha. Kwa kazi ngumu ya mizigo mimi bado natafuta NCP51 ya manyuo iliyotunzwa, hata kama bodi imechoka. Krachi ukiimaliza unabadilisha siku moja unarudi barabarani.

Nje ya Toyota nitasema kwa ufupi. HR15DE ya Nissan, iliyo kwa Tiida, Note ya kwanza E11, Wingroad na AD, ni injini nzuri sana: cc 1,498, cheni, hosipawa 109, na Nm 148, yaani kwa kuvuta inaizidi 1NZ kidogo. Inauzwa bei rahisi kuliko Toyota ya mwaka uleule na kwa hilo mnunuzi anapata faida. Angalia tu gia boksi, na ujue Note ya E12 iliyokuja 2012 ni HR12, silinda 3, si injini hiyo tena. Honda Fit ya kwanza ya 1300, ile ya i-DSI, ina plagi 8 kwa silinda 4, inatumia mafuta kidogo kweli, lakini plagi 8 na koili 8 ni bajeti nyingine, na huku mashinani spea za Honda utazingoja zitoke mbali. Spea za NZ utazipata hata Bumala.

La mwisho ni kwa wale ambao 2NZ yao imekufa na fundi anawaambia waweke 1NZ. Inawezekana, Probox ilitoka kiwandani na zote mbili na zinakaa mahali palepale. Lakini nunua injini pamoja na kompyuta yake na waya zake, kwa sababu kompyuta ya 2NZ inapimia mafuta ya 1300. Hakikisha pia throto ni ya aina moja na ya gari yako, NZ za mwanzo zinavutwa na kebo kutoka kwa pedali na za baadaye ni za umeme, ukichanganya utazunguka na mafundi mwezi mzima. Omba risiti yenye namba ya injini, uilinganishe na ile iliyochongwa kwa blok kabla haijatoka dukani, kisha upeleke mabadiliko NTSA, mamlaka inayosajili magari, yaandikwe. Gari ikienda kuuzwa baadaye ama ikisimamishwa barabarani, logibuku inayosema 1298 na injini ya 1497 chini ya boneti ni maswali ambayo wewe ndiye utayajibu, si fundi.